Cheti cha nishati: mkaguzi hasikilizi mdomo, anaangalia dari

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, maana kuna ndugu mmoja aliandika humu kwamba hiki cheti cha nishati wanachodai huku Uingereza kabla hujauza au kupangisha nyumba ni wizi mtupu, eti jamaa anakuja na tableti anazunguka dakika arobaini anakupa herufi anaondoka na hela yako. Nilicheka, kwa sababu mwaka jana na mimi ningeandika hivyo hivyo, neno kwa neno, tena kwa matusi. Lakini yamenikuta na nimejifunza, na naona kuna Waswahili wengi huku wenye vijumba vyao wataingia shimo lile lile nililoingia mimi, sasa ngoja niseme.

Kwanza kwa wasiojua. Cheti chenyewe wanakiita EPC, kinaonyesha nyumba inakula nishati kiasi gani, kilianza England na Wales 2007 kwa nyumba za kuuza na 2008 kikafika kwa za kupangisha, kinaishi miaka 10, na kinaipa nyumba yako herufi kuanzia A, ndiyo nzuri kabisa, mpaka G kama mtoto wa shule. Nyuma ya herufi kuna namba. Ukipata 92 kwenda juu ni A, 69 mpaka 80 ni C, 39 mpaka 54 ni E, chini ya hapo ni F na G na hapo ndipo kilio kinapoanzia, kwa sababu tangu Aprili 2018 mwenye nyumba haruhusiwi kumwingiza mpangaji mpya kwenye nyumba ya F au G, na kuanzia Aprili 2020 hata wale wapangaji wa zamani wanahesabiwa. Kuuza unaweza kuuza hata G, hakuna anayekukataza, ila cheti lazima kiwepo. Na dalali akiitangaza nyumba herufi inatakiwa ionekane kwenye tangazo, sio ufiche kama umri wa shangazi.

Haya sasa kisa changu. Nina nyumba Leicester, zile za matofali za kuungana ukuta na jirani, ya zamani mno, ya enzi za Malkia Victoria, nilinunua 2012. Wakati nanunua cheti kilisema D, 58, sikukisoma hata, kilikuwa kwenye bahasha pamoja na makaratasi mengine ya wakili nikakitupia kabatini. Mwaka jana nikapata kazi Glasgow, tukakubaliana na mama watoto nyumba tusiiuze tuipangishe, nikampigia dalali, swali la kwanza aliloniuliza ni cheti. Nikamwambia ninacho. Akacheki kwenye rejista ya serikali mtandaoni, ile iko wazi kwa mtu yeyote unaingiza postikodi tu unaona nyumba zote za mtaa, akaniambia mzee hiki kimekufa 2022.

Basi nikatafuta mkaguzi haraka haraka, nikapata mmoja bei nafuu, akaja Jumanne asubuhi. Na hiyo Jumanne ndiyo tulikuwa tunafunga mizigo. Picha unaipata? Korido nzima maboksi, na chini ya kile kitundu cha kupandia darini tumepanga maboksi mpaka yanagusa bodi ya juu, vyombo, vitabu, cherehani ya mama watoto, kila kitu. Jamaa akauliza naweza kuona dari, nikamwambia kaka humo juu kuna sufi ya kuzuia joto lisitoke, ya kutosha, nimeweka mwenyewe, nene hivi, nikamwonyesha kwa mkono. Akatabasamu kwa heshima, akaandika kitu kwenye tableti. Akauliza kuta zimewekwa kitu chochote, nikasema chumba cha nyuma tulibandika bodi zenye foamu kwa ndani halafu tukapiga plasta, joto limeongezeka ajabu. Akauliza una risiti au karatasi ya fundi. Risiti ya nini? Fundi alikuwa rafiki yetu, tulimlipa mkononi na pilau juu. Akagonga gonga ukuta, akaandika.

Cheti kikaja kwa emaili. F. Namba 34.

Nilimpigia simu nikiwa nimewaka. Nyumba ilikuwa D kabla sijaigusa, nimeitia hela miaka kumi na zaidi, imekuwaje imeshuka mpaka F? Yule bwana, namshukuru, hakunijibu vibaya, alinielezea polepole kama anamfundisha mtoto. Na maelezo yake ndiyo yaliyonifanya niandike barua hii.

La kwanza ni dari. Mkaguzi wa hii kazi hatoboi, havunji, haondoi maboksi ya mtu, na hata akikuamini moyoni haruhusiwi kuandika anachoambiwa, kwa sababu kila anachoandika lazima awe na picha yake au karatasi yake, wenzake wa juu wanamkagua na yeye. Asipoona dari anarudi kwenye umri wa nyumba, na programu inakisia nyumba ya umri ule haina kitu humo juu. Mimi nina sufi ya milimita 270, kile kiwango wanachopendekeza, nimejikuna wiki nzima kwa ile fibaglasi, lakini kwenye karatasi dari yangu iko uchi. Kwa sababu ya maboksi.

La pili ni ukuta, hadithi ile ile, ukuta wa tofali tupu usio na uwazi katikati, unaujua kwa kuangalia nje maana kuna tofali zimelala ubavu na zingine zimetoa kichwa, unahesabiwa hauna kitu mpaka uonyeshe ushahidi.

La tatu ndilo liliniuma zaidi. 2019 boila ya gesi, ule mtambo wa kupasha nyumba joto, ilinifia, fundi akanishauri achana na gesi, weka hita za umeme za ukutani, ndio mambo ya kisasa, safi, hazina moshi. Nikaweka, nikajiona mtu wa mazingira. Kumbe ile namba ya kwenye cheti haipimi usafi, inapima zaidi itakugharimu shilingi ngapi kupasha nyumba joto, na yuniti ya umeme huku bei yake ni kama mara nne ya gesi! Kwa hiyo nilipong'oa boila nikaweka hita za kawaida niliishusha nyumba mwenyewe kwa mkono wangu na hela yangu. Kama ningeweka zile hita kubwa zinazohifadhi joto la umeme wa usiku wa bei ya chini, au ile pampu ya joto inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani, habari ingekuwa nyingine kabisa. Hakuna aliyeniambia na mimi sikuuliza, kwa sababu niliona cheti ni karatasi ya dalali tu.

Unaona sasa ndugu yangu uliyeandika? Wewe unasema jamaa anatoa herufi kutoka hewani. Mi nakuambia herufi inatoka kwenye kile ulichomuachia aone.

Ilibidi nirudi Leicester wikendi mbili. Nikahamisha maboksi yote, nikafungua dari, nikabana rula kwenye sufi ili milimita zisomeke. Tangi la maji moto lilikuwa limevaa kikoti cha zamani kimechakaa, nikalinunulia koti jipya nene, hicho ni kitu cha bei ndogo sana na kinaongeza pointi. Balbu zote nikabadilisha za LED. Ukuta wa chumba cha nyuma nikamsihi fundi aniandikie ankara ya kazi aliyoifanya kweli, ila hakuwa na kumbukumbu ya aina ya bodi wala unene, mimi pia sina picha hata moja ya siku ile, zaidi ya moja mama watoto kashika sahani na nyuma unaona kona ya bodi. Haikutosha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ilipotea kweli, ukuta upo, joto lipo, pointi hazipo.

Yule yule mkaguzi akarudi, nikamlipa tena, akapanda darini akapiga picha. Tukapata 43, yaani E, tumevuka mstari wa 39 kwa pointi nne. Nyumba ni ile ile, kuta zile zile, hita zile zile. Katikati hapo kuna wanandoa walikuwa wameipenda, wote manesi, watu wastaarabu, walisubiri wiki tatu wakachoka wakachukua pengine, na mimi nikala mwezi mzima nyumba tupu huku nalipa kodi ya halmashauri na mkopo wa benki. Bei ya cheti chenyewe ni hela ndogo, haifiki popote ukilinganisha na mwezi mmoja wa nyumba tupu.

Ndio maana nasema tatizo ni wakati. Watu tunaagiza cheti mwisho kabisa, nyumba imeshapigwa picha, mizigo imefungwa, mpangaji kapatikana, ndio unashtuka. Sheria yenyewe inataka uwe umeshaagiza kabla nyumba haijaingia sokoni, unapewa siku 7 za kukitafuta na kikikwama nyingine 21, lakini hizo ni siku za kupata karatasi, sio za kutengeneza nyumba. Mkaguzi muite miezi kadhaa kabla, wakati bado unaishi humo, uone herufi gani inakuja, na kile cheti kina ukurasa wa mapendekezo, kimeandika ukifanya hiki utafika namba fulani, ukiongeza na hiki utafika fulani, na gharama za kukadiria. Halafu ndio unaamua. Na hakuna sheria kwamba ukishapata kimoja umefungwa nacho miaka 10, unaweza kupimwa tena wakati wowote, kipya ndicho kinachohesabika.

Siku ya mkaguzi fungua kila mlango, dari ifikike, kabati la tangi lisiwe limejaa mashuka, kitabu cha boila kiwe mezani pamoja na risiti za madirisha, za sufi, karatasi yoyote yenye jina la bidhaa na tarehe. Siku hizi, tangu kanuni mpya ya Juni 2025, wanapima dirisha moja moja, kwa hiyo hata fenicha iliyoziba dirisha isogeze. Na usihangaike kusafisha friji wala kutandika zulia jipya, friji haihesabiwi, pazia nzito halihesabiwi, yule mtu hajaja kuona kama wewe ni msafi (mama watoto alideki nyumba nzima mara ya pili, nikamuacha). Na mkianza kujenga chochote kwenye ukuta, kabla plasta haijafunika piga picha na simu, hata tano, iwe na rula ndani.

Kwa wauzaji nina machache tu. Hamna kiwango cha chini, faini ya kukosa cheti ni pauni 200, wengi wanaiona ndogo wanapuuza. Lakini mnunuzi wa siku hizi anaangalia herufi kama anavyoangalia maili kwenye gari, na kuna benki zinatoa mkopo wa nafuu kidogo kwa nyumba za A na B. Muuzaji mwenye E anayeweza kuonyesha kwamba C iko hapo jirani na gharama yake ni kiasi fulani anaongea bei tofauti na mwenye E aliyekaa kimya.

Sasa wapangaji, maana wengi wetu huku ni wapangaji na ndio tunaoumia. Mpwa wangu alipanga nyumba na wanafunzi wenzake watatu, nyumba nzima mkataba mmoja, wakaingia Septemba jua linawaka, ilipofika Desemba mita ya kujaza hela inameza kama shimo, vijana wanalala na makoti. Nikamwambia ingia kwenye ile rejista weka postikodi. G! Na ilikuwa G kabla hawajasaini, ipo hapo hadharani, bure, kuiangalia ni dakika mbili. Mwenye nyumba ana haki ya kusamehewa kama ametumia mpaka pauni 3,500 na nyumba bado haifiki E, lakini msamaha huo lazima ausajili, na usajili nao uko wazi, unaishi miaka 5. Wa kwao hakuwa amesajili chochote. Walipoandika halmashauri, mwenye nyumba alipata kumbukumbu ghafla kwamba alikuwa na mpango wa kuweka hita mpya. Faini inaweza kufika pauni 5,000 kwa nyumba moja, hiyo inafufua kumbukumbu.

Ila kama umekodi chumba kimoja tu kwenye nyumba anayoishi mwenyewe mwenye nyumba, hapo cheti cha chumba hakidaiwi, usije ukaenda kugombana na mama wa watu bure.

Kuna na hili la grupu zetu za wasap. Septemba 2023 waziri mkuu wa wakati ule, Rishi Sunak, alifuta mpango wa kulazimisha nyumba za kupangisha zifike C, na siku ile ile grupu la wenye nyumba la kwetu likajaa ngoma na vigelegele, "cheti kimefutwa jamani, tumepona". Hakuna kilichofutwa zaidi ya lile lengo la C! E ilibaki pale pale na cheti kikabaki pale pale. Nina uhakika kuna watu bado wanaishi na ule ujumbe kichwani. Na serikali iliyokuja baada yake ikasema inalirudisha lengo la C ifikapo 2030, kwa hiyo mimi na E yangu ya 43 sijalala, najua hita zile zina siku zao. Wenzetu wa Ufaransa wameshafika mbali zaidi, tangu Januari 2025 nyumba ya G haipangishwi kwa mkataba mpya, F inafuata 2028 na E 2034, kwa hiyo mwenye ndugu yake Paris na kijumba cha kupangisha amwambie asidhani haya ni ya Waingereza tu.

Sitaki kudanganya watu kwamba cheti ni msahafu. Nina malalamiko yangu. Kinakisia familia ya kawaida inayowasha joto saa za kawaida, hakijui kama we una bibi mzee wa kukaa naye nyumbani mchana kutwa au kama mnaoga mara tatu kwa siku, kwa hiyo bili yako na makadirio ya kwenye karatasi vinaweza kupishana kama mbingu na ardhi. Wakaguzi wawili wanaweza kukupa namba mbili. Na hili la kumuadhibu mtu aliyeacha gesi kwa sababu tu umeme ni ghali, hapo kwa kweli hata mimi naona kuna kitu hakijakaa sawa, wanatuambia tuache gesi kwa mdomo mmoja na wanatukata pointi kwa mwingine. Lakini nikilalamika nalalamikia fomula. Yule bwana wa tableti alifanya kazi yake.

Huku Glasgow nilipofika nikapanga fleti ya ghorofa ya tatu, nikafungua kabati la mita niandike namba za kuanzia, nikakuta cheti kimebandikwa ndani ya mlango wa kabati, maana Scotland wana sheria yao, kinatakiwa kikae ndani ya jengo mtu akione. Nikasimama pale nimeshika tochi nakisoma mstari kwa mstari, madirisha, dari, hita, mama watoto ananiuliza umepotelea wapi. Mtu yule yule aliyetupa cha kwake kabatini miaka kumi.

Yale maboksi ya korido yako gereji kwa rafiki yangu Leicester mpaka leo, pamoja na cherehani, na ananitumia mesej kila Ijumaa.

Wenu msomaji,
Mwenye E ya 43, Glasgow